Kuzama si Kutota: Jibu kwa Karani wa Mwambani

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni karani kwa mkandarasi mmoja hapa Tanga mjini. Tunajenga nyumba ya wageni Mwambani, na nimepewa kabrasha la Kiingereza nilitie Kiswahili ili mafundi, wavuvi na serikali ya mtaa walisome wenyewe. Neno sink linanitoa jasho. Liko jikoni, liko chooni, liko kwenye kisima, kwenye msingi, kwenye boti, kwenye fedha za matengenezo, kwenye mikoko, hata kwenye machweo ya jua. Kote nimeandika ama sinki ama kuzama. Fundi mkuu kasoma kurasa mbili akacheka mpaka akakaa chini. Je, neno hili lina maana ngapi, na sisi tunayo maneno yake au tukope tu?"

Marahaba, mwanangu. Fundi msamehe. Mimi nilishachekwa kwa neno hilohilo, na waliocheka walikuwa kijiji kizima. Nitakusimulia tukifika kwenye kisima. Kabrasha nimelisoma lote, kalamu mkononi.

Neno lako kwa Kiingereza lina jambo moja tu moyoni: kitu kinakwenda chini. Kinakwenda chini ya nini, nani anakishusha, na kama kitarudi juu au ndiyo kimekwenda, Mwingereza anamwachia msomaji ajijazie. Kiswahili hakikubali uvivu huo. Kabla hujafungua mdomo inakubidi ujue kama kilichoshuka kimeshukia kwenye maji, kwenye tope au kwenye godoro. Kwa hiyo maneno tunayo, tena mengi kuliko unavyohitaji. Kazi ni kulichagua lililo la mahali pake.

Tuanze jikoni, maana ndiko fundi alikocheka. Umeandika: "Sinki liwe karibu na dirisha." Sasa nenda duka lolote la vifaa vya ujenzi kule Ngamiani useme unataka sinki. Muuzaji hatanyanyuka kitini. Atakuuliza, "La jikoni au la choo?" Ukisema la choo, atauliza tena, "La kukaa au la kuchuchumaa?" Hapo ndipo atamwita kijana wa stoo. Katika Kiswahili chetu cha Tanzania sinki ni chombo chochote kilichofungwa mahali pake, kinachopokea maji na kuyapeleka kwenye bomba la majitaka. Cha kunawia mikono wengi hukiita beseni la kunawia, ingawa fundi bomba akikiita sinki hakuna atakayemshangaa. Kwa hiyo ukurasa wako mmoja unasema vyombo vya wageni vioshwe kwenye sinki, na ukurasa unaofuata unasema sinki liwe la kukaa, lenye mfuniko. Mtu akisoma kwa mfululizo, chakula cha jioni hapo hali. Andika sinki la jikoni, sinki la choo, beseni la kunawia, kila mahali, hata kama unajiona unarudiarudia. Na ngeli yake ni sinki la, masinki ya. Humo umechanganya na "sinki ya"; chagua moja uende nayo hadi mwisho.

Usidhani ni sisi tuliolichafua neno la watu. Waingereza wenyewe, katika karne ya 15, walilitumia kwa shimo la maji machafu. Beseni la jikoni lilikuja kurithi jina hilo baadaye, kwa kuwa nalo lilikuwa mlango wa kuelekea shimoni. Ajabu ni kwamba neno letu la karo limepita njia hiyohiyo. Karo la kufulia unalijua: ile sakafu ya saruji uani yenye kingo fupi na tundu pembeni, ambapo mama zetu walifua, wakaosha masufuria na kuwaogesha watoto. Lakini mwenye nyumba akikuambia karo limejaa, anazungumzia shimo la majitaka, na anatafuta gari la kulinyonya. Mwanzo wa njia na mwisho wake vimeitwa jina moja. Ikiwa mmeajiri fundi kutoka Mombasa, mwonyeni mapema, kwa sababu akivuka Horohoro karo ni ada ya shule. Akiambiwa karo limejaa, atadhani kuna mtu kapata utajiri.

Bado tuko jikoni. Ukurasa wa sita umeandika "mtego wa sinki". Mtego wa nini, wa panya? Kinachotajwa ni ile kona ya bomba chini ya sinki, iliyopindwa ili ibakize maji kidogo kila maji yanapomwagwa. Maji hayo yaliyobaki ndiyo kifuniko: yanazuia harufu ya chemba isipande kurudi ndani. Mafundi wanaiita trapu, nawe iite hivyo, kisha ongeza maneno matano ya kueleza kazi yake. Na kwa kuwa ni nyumba ya wageni, muongezee mwenye nyumba neno ambalo Mwingereza hakuliandika: chumba kikikaa wiki kadhaa bila mgeni, maji ya trapu hukauka na harufu huingia. Dawa yake ni jagi moja la maji. Nimelala kwenye vyumba vya aina hiyo, na mhudumu alikuwa anapuliza manukato.

Sasa kisima, na aibu yangu. Miaka mingi nyuma nilipewa kazi na mradi mmoja wa maji, upande wa Muheza, jina la mradi na la kijiji niachie. Nikiwa kijana, kamusi mpya kwapani, nikatafsiri barua ya wafadhili ikasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, chini ya mwembe: "Visima vitazamishwa kabla ya mvua za masika." Pakatulia. Mzee mmoja akaomba kusema. "Mwanangu," akasema, "kisima si ndiyo maji yenyewe? Mtakizamisha wapi?" Kicheko kilichofuata nakisikia mpaka leo nikiona bomba la mkono. Kisima huchimbwa. Kirefu chembamba cha mashine tunasema huchimbwa au hutobolewa, basi.

Lakini mwaka uliofuata nilikwenda kuangalia kazi ya visima vya pete, na nikaona Mwingereza alikuwa na sababu yake. Fundi anaweka pete ya zege juu ya ardhi, anaingia ndani yake, anachimba udongo wa chini ya kingo pande zote kwa usawa. Pete inashuka yenyewe kwa uzito wake, taratibu, kama mtu anayekaa kitini akiwa na maumivu ya mgongo. Ikishafika usawa wa ardhi, wanaongeza pete ya pili juu, wanaendelea kuchimba. Pete kwa kweli zinazama, na mafundi wale walisema hivyohivyo: "Tumezamisha pete nne, bado mbili." Kabrasha lako, ukurasa wa tisa, lina vyote viwili. Kisima kinachimbwa, pete zinazamishwa. Ukibadilishana tu, umerudi chini ya mwembe wangu.

Kwenye msingi umeandika kwamba nyumba "isizame zaidi ya milimita 25". Msomaji ataona nyumba imo baharini, vidirisha tu vinaonekana. Neno la hapo ni kutitia. Kila masika unalisikia redioni: barabara imetitia, daraja limetitia, magari hayapiti. Ardhi inapungua kidogo kidogo chini ya uzito na kilicho juu yake kinashuka nayo. Mkandarasi hasemi nyumba haitashuka hata unywele. Anasema itashuka kidogo, na akiweza, kwa usawa. Upande mmoja ukititia zaidi ya mwingine ndipo ukuta unapochora nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha.

Kutitia si kudidimia. Kudidimia kuna ulaini zaidi na kina zaidi, na mara nyingi kuna kushikwa. Mguu unadidimia kwenye tope la mikoko hadi gotini, na ukiuvuta kiatu kinabaki. Nguzo isiyo na kitako inadidimia. Gari linadidimia mchangani ufukweni, dereva anaongeza moto, na kila anavyoongeza ndivyo tairi linavyojichimbia kaburi. Ndiyo sababu wanasiasa na wanauchumi walilikamata neno hili kwa pupa: uchumi unadidimia, elimu inadidimia. Na kumdidimiza mtu ni kumkandamiza asiinuke. Hakuna maji popote katika maneno hayo.

Halafu kuna kubonyea, neno la nyumbani zaidi. Godoro limebonyea, embe lililoiva kupita kiasi limebonyea ubavuni, mashavu ya mgonjwa yamebonyea. Uso wa kitu umeingia ndani bila kitu chenyewe kwenda popote. Viti vya baraza kwenye orodha yako ya samani, ambavyo Mwingereza anasema visi-sink, ni visibonyee. Macho nayo hatuyabonyezi wala hatuyazamishi; tunasema yameingia ndani.

Kuna mstari mmoja kwenye taarifa ya ardhi niliouzungushia duara jekundu. Umeandika "hakuna mashimo ya sinki eneo hili". Najua ulivyofika hapo, lakini fundi bomba atafikiri wamesahau kuchimba. Mashimo yanayozungumzwa ni yale ambayo ardhi inaporomoka ghafla kwa sababu chini kumeliwa na maji. Wewe ni mtoto wa Tanga, mfano unao mlangoni. Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini, yako kwenye mawe ya chokaa, na chokaa huyeyushwa na maji ya mvua yaliyochukua kaboni dayoksaidi hewani na udongoni yakawa na uchachu kidogo. Tone baada ya tone, kwa muda usiohesabika kwa umri wa watu, jiwe linakuwa ukumbi. Paa la ukumbi likichoka likaporomoka, juu linabaki shimo. Andika: "Hakuna mashimo ya ardhi kuporomoka." Maneno yamezidi, lakini mwenyekiti wa mtaa ataelewa bila kupiga simu.

Sasa twende majini, ambako neno kuzama liko kwao, na ambako umefanya kosa moja ambalo si la kucheka. Kibao cha gati umekiandika: "Hatari ya kuzama." Kwa watu wa bahari kuzama si lazima msiba. Mzamiaji wa majongoo bahari anazama na kuibuka, anazama na kuibuka, asubuhi nzima, na jioni anakula ugali wake. Kuzama ni kwenda chini ya maji. Kurudi au kutorudi ni habari nyingine. Anayekata roho majini, Kiswahili kinamwita mfa maji, na unaijua methali yake: mfa maji haachi kutapatapa. Amekufa maji. Siku hizi magazeti yanapenda "amefariki dunia baada ya kuzama", na si kosa, ila inachukua maneno matano kusema lililosemwa kwa mawili. Kwa kibao, andika kama baba zetu wangesema kwa sauti: "Hatari! Maji marefu. Usiogelee hapa." Maji marefu, ndiyo, kwa sababu maji kwetu yana urefu na ufupi kama mtu. Na ghariki usiiguse. Ni neno zito, lina harufu ya Nuhu na safina; kwenye kibao cha gati litaonekana limevaa kanzu kuingia kuogelea.

Kwenye maelezo ya boti za wageni, mahali pa pili, umeandika boti "ikianza kuzama" abiria wafanye hivi na hivi. Hapo wavuvi wa Mwambani watakusahihisha, kwa sababu wana neno kutota, na kwa sikio la huku maneno haya si mapacha. Chombo kinatota kinapojaa maji, iwe yameingia kwa wimbi, kwa kuvuja, au kwa sababu kalafati, ile pamba ya kuziba nyufa, imechoka kati ya mbao. Nguo zikilowa chapachapa nazo zimetota. Ngalawa ya mbao inaweza kutota hadi kingoni na isizame, kwa kuwa mti unaelea. Wenyewe wanaing'ang'ania, wanafua maji kwa kata au kopo, wakifanikiwa wanarudi nyumbani wakitetemeka. Boti ya faiba yenye mashine nyuma, kama haikutengewa vyumba vya hewa, haina huruma hiyo: ikishatota imekaribia kuzama. Ilani ya abiria inataka kitendo kifanyike mapema. Kwa hiyo andika "boti ikianza kuingiza maji" kwa hatua ya kwanza, "ikitota" kwa ya pili, na kuzama iache kwa siku ambayo hatuiombi. Kupinduka usiichanganye na yoyote kati ya hizo. Chombo kinaweza kupinduka kikaelea tumbo juu kwa muda kabla ya kuzama, na aliyewahi kuokolewa kutoka kwenye msiba kama ule wa MV Bukoba, Mei 1996 katika Ziwa Victoria, atakueleza kwamba kati ya maneno hayo mawili kuna muda ambao watu waliishi.

Jambo jingine ambalo Kiingereza kinalificha: meli ikizama na mtu akiizamisha, wao wanatumia neno lilelile. Kiswahili kinataka mwenye mkono. Kisa chake kiko jirani yako. Aprili 1915, wakati wa vita ya Wajerumani na Waingereza, meli iitwayo Rubens, iliyojifanya ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikuwa inakuja na makaa ya mawe, bunduki na risasi za jeshi la Wajerumani. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, ikaiwahi karibu na Tanga. Nahodha wa Rubens, Carl Christiansen, akakimbilia ghuba ya Manza, kaskazini ya hapa, akaizamisha meli yake mwenyewe kwenye maji mafupi huku juu ikiwaka moto. Waingereza wakaona moshi, wakaamini kazi imekwisha. Walipoondoka, watu wakazamia, wakatoa shehena kubwa iliyokuwa chini ya maji. Risasi zilizotota ikabidi zifunguliwe na kukaushwa kabla ya kurudishwa kazini. Hebu ona maneno yalivyogawana kazi: meli ilizamishwa, watu walizamia, risasi zilitota. Ukisema tu "meli ilizama Manza", umemfuta nahodha na hila yake yote.

Kilichobaki hapo ni kutosa, mwana wa kutota: kutupa kitu majini. Bahari ikichafuka nahodha hutosa shehena ili chombo kipumue. Vijana wameliteka. Binti akisema kijana wake kamtosa, hana haja ya kueleza bahari ilikuwa kubwa kiasi gani.

Na lile duara jingine jekundu, kwenye orodha ya vifaa vya uvuvi wa wageni, ambapo umeandika "vizamishi vya mshipi". Kinaitwa chubwi. Ni kipande cha madini ya risasi au jiwe kinachovuta mshipi na chambo kwenda chini, na jina lake ni mlio wake kinapogusa maji. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukiyeyusha risasi kwenye kopo la maziwa, tunaimimina kwenye shimo la kidole mchangani, tunachomeka kijiti katikati kwa ajili ya tundu. Moshi wake ni sumu, usimruhusu mtoto. Nahodha anapotaka kupima kina hutumia bildi, na mwashi anaposimamisha ukuta hutumia timazi, vyote viwili ni uzito kwenye kamba, lakini ukimwita mwashi wako akushikie chubwi, atakutazama sana. Kwa kuwa mpo ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa mwaka 2009 kwa ajili ya yule samaki wa kale aliyekuwa akinaswa kwenye majarife, nyavu za papa, yaliyoshushwa maji marefu, hakikisha ukurasa huo unasomwa na mtu wa hifadhi kabla haujatoka. Kinachoshushwa na kina kinachofikiwa si suala la lugha peke yake.

Umeniuliza pia, pembeni, kwa nini mzamiaji ni yule anayetoka na majongoo na pia ni yule kijana aliyejificha melini akaibukia Ulaya. Kiambishi hicho kidogo, -ia, ndicho chenye siri: kuzama kwa ajili ya kitu, au kuzama ndani ya kitu. Kijana wa bandarini hakulowa hata kidole. Alizama ndani ya meli jinsi mwingine anavyozama majini, akapotea machoni, akaja kuonekana upande wa pili. Vivyo hivyo anayezamia harusi: hakualikwa, lakini ukimtafuta yumo katikati ya pilau. Na msomi wa shahada ya uzamivu naye ni wa ukoo huu, kazama kwenye jambo moja, na familia inasubiri aibuke. Siku hizi mtu anazama hadi inboksi. Ila zama za mawe na zama hizi hazimo kwenye ukoo. Hilo ni neno la wakati lililokuja na Kiarabu, wanafanana sura tu.

Yaliyobaki ni mepesi. Mfuko uliouita "mfuko unaozama" utawakimbiza wanahisa wote. Kwa asili ulikuwa mfuko wa kulishusha deni, Waingereza waliuzoea tangu karne ya 18, lakini katika majengo ni fedha inayowekwa kidogo kidogo kwa ajili ya paa, pampu na matengenezo makubwa ya baadaye. Andika akiba ya matengenezo makubwa. Mwenyewe ukitaka kusema pesa imezama, watu wataelewa kwamba hairudi, na hicho ndicho msichotaka waelewe. Kile kipande cha alumini chenye meno kama kitana, nyuma ya mashine ya umeme wa jua, si sinki la joto. Andika kipoza joto, fundi umeme atakielewa kwa kukiona. Habari "ikisinki" kwa wafanyakazi ni ikiwakaa akilini. Moyo wa meneja nao haukuzama aliposikia bei, alinywea.

Kwenye mikoko umeandika "sinki la kaboni". Nimejaribu kuliona sinki hilo, lina koki. Miti ile, mkoko, mchu, mkandaa, inavuta kaboni hewani kama miti yote, lakini majani na mizizi yake ikifa inafukiwa kwenye tope lisilo na hewa, tope lilelile linalokula viatu, na humo haiozi upesi. Kaboni inabaki chini. Andika kwamba mikoko hufyonza kaboni na kuihifadhi topeni. Yule mzee anayekata boriti ataelewa kwa nini anaambiwa aache, akikubali au asikubali.

La mwisho ni baraza la wageni, ukurasa wa kwanza kabisa, wenye picha. Umeandika: "Kaa barazani utazame jua likizama baharini." Kiswahili chake hakina kasoro. Jua kuzama tunasema, na kutua tunasema, na wazee walisema limekuchwa, ndiko zilikotoka kutwa na machweo. Mimi ningechagua kutua. Lakini soma tena kwa macho ya mtu wa Mwambani. Bahari yetu iko mashariki. Jua tunaliona likitoka majini, upande wa Pemba, alfajiri, wavuvi wakirudi. Jioni linatua nyuma yetu, juu ya minazi, upande wa Muheza na Usambara, na bahari wakati huo imeshaanza kuwa nyeusi. Aliyeandika kabrasha hili ameandika akiwa na pwani ya nchi nyingine kichwani, na nimeangalia ramani: baraza ameligeuza kuelekea baharini kwa ajili ya machweo hayo. Hapo tafsiri haina la kufanya. Mpigie mkandarasi leo, kabla zege la nguzo halijamwagwa.